Kitufe cha Tisa

Kitufe cha tisa kilikuwa kizima kwa kila dalili. Ukikigusa kilibonyea kama wenzake, kikaacha rangi yake ya kijivu na kuwa cha chungwa, na alama ndogo ya vema ikachomoza ubavuni kuthibitisha kwamba amri imepokelewa. Kilikosa kitu kimoja tu, nacho ndicho kilichofanya kiwepo: sauti. Anfal alikigusa kwa mara ya kumi na nne asubuhi ile, akainamisha kichwa mpaka mtandio ukagusa spika. Akaisikia feni ya dari. Akalisikia jenereta la duka la simu huko chini, na kipaza sauti cha muuza viatu wa Mtaa wa Mkunguni kikirudia maneno yaliyorekodiwa tangu mwaka juzi, bila kuchoka wala kuona haya. Sauti ya mtoto hakuisikia.

Mtoto mwenyewe alikuwa mbele yake kwenye kioo cha kompyuta, mchoro tu, amelala chali kifua wazi, na chini ya miguu yake safu ya vitufe kumi na viwili. Mtoto wa mchoro alikuwa mmoja, lakini nyuma ya kila kitufe palikuwa na kifua cha mtoto wa kweli, kilichorekodiwa na Daktari Agnesi, bingwa wa watoto aliyestaafu baada ya kusikiliza mioyo midogo kwa miaka thelathini na ushei. Kitufe cha kwanza kilibeba moyo usio na kasoro. Cha pili mapafu yenye nimonia, cha tatu pumu, na kuendelea hivyo hadi cha tisa, moyo wenye tundu. Jumatatu somo hilo lingefunguliwa na wauguzi mia mbili wa zahanati, kila mmoja kwenye simu yake, ili wajifunze kumtambua kwa sikio mtoto wa kukimbizwa hospitali kubwa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Bado kimenuna?" Nirav aliuliza kutoka meza ya pili.

"Kimenuna."

Nirav ndiye aliyekuwa mwenye ofisi. Nyumba yake ilikuwa Upanga, lakini alilelewa Kariakoo, nyuma ya kaunta ya duka la vyombo la babu yake, na Kiswahili chake kilikuwa na vumbi la mtaa kuliko cha wengi waliozaliwa hapo. Alikuwa mtu mwema, mwenye mzaha mwingi na subira kidogo, na aliamini kwamba kitu chochote kisichofanya kazi baada ya saa mbili za kuhangaika nacho kinaomba chenyewe kufutwa.

"Sasa sikia, dada. Kiondoe hicho. Vinabaki kumi na moja, timu nzima ya mpira hiyo. Nani atakaa ahesabu?"

"Hiki hakiondoki, kaka Nirav."

Nirav akageuza kiti akamtazama. Katika miaka mitatu ya kufanya kazi pamoja, Anfal hakuwahi kumkatalia jambo bila kwanza kumpangia sababu tatu. Safari hii hakutoa hata moja, akarudisha macho kwenye kioo.

Sababu alikuwa nayo. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja mama yake alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Muaz. Muaz alinyonya huku akitokwa jasho, akipumzika kila baada ya mafundo mawili kama mtu mzima anayepanda ngazi, na hakunenepa. Mara tatu mama yake alimpeleka zahanati, na mara tatu akarudishwa na dawa ya mafua. Mara ya nne walikwenda moja kwa moja hospitali kubwa, na huko daktari aliweka stetoskopu kifuani mwa mtoto kwa muda usiozidi dakika moja, akasema moyo una tundu. Muaz alifariki Jumamosi iliyofuata, ana miezi mitano. Jina la ugonjwa walipewa, tena limeandikwa vizuri kwenye karatasi. Lakini ni kitu gani yule daktari alikisikia kwa dakika moja, ambacho wengine hawakukisikia mara tatu, hilo hakuna aliyewaambia, na Anfal alikua nalo. Kazi hii ilipoingia ofisini aliiomba yeye. Alitaka wauguzi mia mbili wasikie. Na kama angesema ukweli wote, alitaka kusikia yeye pia, angalau mara moja.

Akaanza upya, safari hii polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia kwa kiganja. Programu ya kutengenezea masomo haina uchawi, alijiambia. Ina amri tu. Kitufe huambiwa: ukiguswa, badilika rangi, ukiguswa, cheza sauti fulani, sauti ikiisha, fungua hatua inayofuata. Amri hizo hutekelezwa kwa zamu kutoka juu kwenda chini, na mara nyingi kosa hujificha kwenye zamu: unakuta amri ya kwanza inaita sauti na ya pili inazinyamazisha zote. Akazipitia moja moja. Zilikuwa sawa. Akatafuta kama kuna picha isiyoonekana iliyolala juu ya kitufe na kukimezea miguso yake. Haikuwepo, na hata ingekuwepo rangi isingebadilika. Akakifuta kitufe chote, akanakili cha nane, akakiweka mahali pake. Kitufe kipya kikawa cha chungwa, kikakaa kimya vilevile.

Mwishowe alifanya jambo ambalo alipaswa kulifanya saa nzima kabla, akabadilishana. Sauti ya nane akaikabidhi kitufe cha tisa, na sauti ya tisa akaikabidhi kitufe cha nane. Alipogusa cha tisa kilitoa mkoromo wa kifua kilichobanwa, wazi kabisa. Akagusa cha nane. Kimya.

"Kitufe hakina kosa," alisema. "Tumekionea bure. Kosa ni la sauti."

Akaifungua sauti yenyewe. Sauti yoyote ukiifungua kwenye programu ya kuhariri huonekana kama mlolongo wa vilima, vikubwa kwa vidogo, na mtu aliyezoea anaweza kusema hapa mtu anacheka, hapa mlango umefungwa. Hii ilikuwa na sekunde kumi na tisa, na kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho ulikuwa mstari mmoja ulionyooka. Anfal aliutazama mstari ule akahisi baridi mikononi, ingawa feni ya ofisi ile haijawahi kumpa mtu baridi.

Nirav alikuja akasimama nyuma yake. "Dokta katupa faili tupu. Inatokea hiyo. Mpigie."

Daktari Agnesi alipokea simu kwenye mlio wa pili. Alisikiliza maelezo yote bila kukatiza. "Mwanangu," alisema hatimaye, "ile sauti niliisikiliza mwenyewe kabla sijawapa. Ningoje hapo hapo." Akakata.

Haikupita saa moja bajaji ikamshusha mbele ya jengo, na ngazi za ghorofa ya tatu akazipanda kwa awamu, akisimama kila kona kuvuta pumzi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo aliyekula chumvi nyingi, mvi zimesukwa twende kilioni, begani mkoba wa ngozi ambao mpini wake ulikuwa umeshonwa zaidi ya mara moja.

"Shikamoo, dokta," Anfal alimpokea mkoba.

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo, mama," alisema Nirav, akimsogezea kiti.

"Marahaba, baba. Ofisi yenu mmeijenga mbinguni. Mkipandisha ghorofa moja zaidi mtaanza kuhojiwa."

Akacheka mwenyewe, akakaa, akatoa mkobani kinasa sauti cha zamani na hedifoni kubwa zenye sponji iliyochanika. Faili lake la asili akaliingiza kwenye kompyuta. Nirav alifungua spika mpaka mwisho. Wote watatu wakainama. Kilichosikika ni mchanganyiko uleule wa feni na jenereta, na Nirav akamtupia Anfal jicho la kusema si unaona.

Daktari hakubishana. Alichomeka hedifoni zake, akazivaa, akafumba macho. Muda ukapita. Kisha kidole chake cha shahada, kilichokuwa kimelala kwenye ukingo wa meza, kikaanza kugonga ubao taratibu bila kishindo, kwa kasi kuliko saa ya ukutani, na baada ya kila pigo kikajiburuza kidogo kabla ya kugonga tena. Anfal alikitazama kile kidole kama mtu anayetazama barua ikiandikwa. Hakuna aliyesikia kitu chumbani mle, na bado kidole kilikuwa na hakika.

"Yupo," alisema daktari.

Akamvisha Anfal hedifoni zikiwa bado na joto la masikio yake. Mwanzoni alisikia Kariakoo tu. Kisha, chini kabisa ya yote hayo, kitu kikapita, kama mtu anayefagia kwenye nyumba ya jirani. Alishtuka akazivua. Alipozivaa tena kilikuwa kimeshapotea. Muuza viatu alikuwa amekifunika kwa tangazo lake.

Lakini ilitosha. Anfal aliyapanga mafaili mawili kwenye kioo, lile la daktari juu na lile la ofisini chini. La daktari lilikuwa na vilima. Vidogo mno, kama mikunjo ya shuka, ila vilikuwepo. La chini lilikuwa tambarare, na jibu likamfikia kabla hajalitaka.

Ofisi ile ilikuwa na desturi yake. Huwezi kurekodi neno ukiwa Kariakoo bila Kariakoo nayo kujirekodi, kwa hiyo miaka mitano nyuma Nirav alitengeneza kichujio cha kufuta kelele za mtaa: majenereta, mafeni, mvumo wa magari, vipaza sauti vya mbali. Walikiita ungo. Kila sauti iliyoletwa ofisini ilipitishwa kwenye ungo kabla ya jambo lingine lolote, bila kuulizana, jinsi watu wanavyovua viatu mlangoni. Na ungo ulikuwa na kanuni rahisi: kilicho chini na kinachovuma bila kupumzika ni kelele, ondoa. Jumanne Anfal aliyakusanya mafaili yote kumi na mawili, akayamimina kwenye ungo kwa mkupuo mmoja, akashuka kununua chai. Mapigo mazito yalipita salama, na mikoromo ikapita. Mvumo wa moyo wenye tundu ungo uliudhani ni jenereta.

"Ni mimi," alisema. "Nimemfuta mimi."

"Ungo niliutengeneza mimi," Nirav alisema haraka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha.

Daktari Agnesi aliwatazama wote wawili bila hasira. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge chake.

"Mimi nimefanya kliniki za watoto themanini asubuhi moja," alisema, "na wote wanalia. Ukikaa hivyo miaka, sikio lenyewe linajifunza kufuta. Siku moja unamwekea mtoto stetoskopu, mvumo unausikia kabisa, lakini kichwa kinakwambia hizo ni kelele za chumba. Unamwandikia dawa ya mafua. Nimewarudisha watoto nyumbani namna hiyo, Anfal. Si mmoja. Ndiyo maana nilinunua hiki kinasa sauti, na nikiwa nimeshachelewa."

Kwa miaka kumi na sita Anfal alikuwa na chuki moja aliyoitunza vizuri, chuki dhidi ya muuguzi asiye na sura wala jina, ambaye mara tatu alimwangalia Muaz na mara tatu hakumsikia. Mara nyingi alijiuliza mtu huyo alikuwa akiwaza nini. Sasa alijua. Huenda hakuwa akiwaza lolote. Huenda alikuwa akiwaza chai.

"Tunahitaji mahali pa kimya," daktari alisema.

"Kariakoo hii?" Nirav alicheka kidogo. "Labda tuwaombe waahirishe soko."

"Twendeni kwa mama," alisema Anfal.

Nirav alibaki, ayapitishe mafaili mengine kumi na moja mbele ya masikio yake mwenyewe aone ungo umekula nini kingine. Anfal na daktari walishuka, wakapenya katikati ya mikokoteni na marundo ya mabegi ya shule mpaka upande wa pili wa mtaa, kwenye duka la vitambaa ambalo ukoo wao umeuza vitambaa tangu babu wa baba yake alipotia mguu mjini. Mama yake, Zeina, alikuwa kaunta akimkunjulia mteja hariri, futi kamba shingoni.

"Mama, huyu ni Daktari Agnesi. Tunaomba stoo kwa muda kidogo, kwa lile somo la wauguzi."

"Karibu, dokta. Mgeni hajapewa hata maji, mwanangu anataka kumfungia stoo," Zeina alisema, akapokea mkono wa daktari kwa mikono yake miwili. "Nendeni, nitawaletea kitu."

Stoo ilikuwa nyuma ya duka, chumba kirefu chembamba kilichojaa majora ya vitambaa kutoka sakafuni hadi darini, pande zote, hata nyuma ya mlango. Anfal alikipenda tangu utotoni bila kujua sababu. Alipoufunga mlango sababu ilijieleza: jenereta likakoma, muuza viatu akakoma, mji mzima ukameza ulimi. Daktari alisimama katikati, kichwa kaegemeza upande, uso umekunjuka.

"Miaka yote niliyofanya kazi," alinong'ona, "sijawahi kupewa chumba kama hiki."

Wakakaa juu ya majora ya pamba, kompyuta magotini mwa Anfal. Akavaa hedifoni. Kwanza alisikia damu ikipita kwenye masikio yake mwenyewe. Akapumua, akagusa.

Hakikuwa kishindo. Alikuwa amesubiri mdundo, jinsi watu wanavyousimulia moyo, na kilichomjia kilikuwa pumzi, fuu, fuu, fuu, ya haraka, isiyoacha nafasi, upepo unaopenya kwenye ufa wa dirisha, ila upepo wenye zamu na nidhamu. Na ndani ya upepo ule, alipozoea, aliyatambua mapigo yenyewe, madogo, yamezama, yakihangaika kushika nafasi yao. Sekunde kumi na tisa zikaisha. Akagusa tena. Akagusa tena.

"Moyo wenyewe unakuwa na ukubwa gani?" aliuliza.

"Kama ngumi ya mwenyewe. Huyu alikuwa na miezi minne. Sema limau."

"Na tundu?"

"Punje ya choroko."

Anfal alikuwa amejiandaa kukutana na kitu cha kutisha, kitu chenye meno, na badala yake alikutana na kazi. Limau lilisukuma damu, damu ikavuja kwenye tundu la choroko, limau likasukuma tena, mara mia na hamsini kwa dakika, usiku na mchana, bila kumlalamikia mtu. Ndivyo Muaz alivyofanya kazi miezi mitano katika chumba cha pili, yeye akiandika hesabu za shule mezani, na nyumba nzima ikidhani kumetulia. Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa ya huzuni peke yake. Alihisi heshima kubwa, ya namna ambayo humfanya mtu ashushe sauti, na hakujua aielekeze wapi isipokuwa kwa yule mtoto.

"Huyu alikufa?" aliuliza bila kumtazama daktari.

"Huyu? Huyu yuko kidato cha pili. Golikipa, tena mbishi." Daktari alitabasamu. "Lilizibwa tundu lake. Ukimsikiliza leo utadhani nimekudanganya."

Wakafanya kazi. Anfal aliiinua sauti kidogo, daktari akimzuia kila alipotaka kuipamba. "Usimfanye apige kelele. Muuguzi akizoea kelele hapa, kule hatamsikia." Kisha wakagundua tatizo la pili. Kwenye spika ya simu mvumo ule haukusikika hata ndani ya stoo. Spika ndogo kiasi kile hazina kifua cha kuubeba. Anfal alifikiri, akaongeza ukurasa mbele ya vitufe. Humo sauti yake, aliyoirekodi palepale bila ungo, ilimwomba muuguzi avae hedifoni, atafute mahali pa kimya, ahesabu midundo michache ya chini sana. Asipoihesabu sawasawa vitufe havifunguki, anaombwa kwa adabu ahame alipo ajaribu tena. Daktari alijaribu mwenyewe mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Anfal akalichapisha somo, akalifungua kwenye simu, akachomeka hedifoni. Kitufe cha tisa kikawa cha chungwa, kikasema.

Hapo mlango ulifunguliwa, Kariakoo ikaingia, na pamoja nayo Zeina.

"Soda zenu ziko kaunta, mteja kanishika. Nipisheni hapo nichukue bitana nyeupe." Alilivuta jora, akalitia kwapani, akaurudisha mlango kwa kisigino, na alipogeuka akauona uso wa binti yake. "Umelia?"

"Hapana, mama."

"Mnasikiliza nini humu?"

Angeweza kusema somo tu. Nyumbani kwao jina la Muaz halikutajwa; nguo zake ziligawiwa kabla wiki haijaisha, na mama yake alirudi dukani siku ya nane akapima vitambaa kama kawaida, na kuanzia hapo kila mtu alifuata mfano wake. Anfal alimtazama daktari. Daktari alikuwa ameinamia mikono yake. Akapiga moyo konde.

"Moyo wa mtoto, mama. Una tundu."

Zeina alilishusha jora sakafuni, taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Nipe nisikie."

Anfal alimvisha hedifoni juu ya mtandio, akampa simu, akamwonyesha. "Bonyeza hapo, cha tisa."

Zeina akabonyeza. Anfal hakuhitaji kusikia; zile sekunde kumi na tisa alikwisha kuzijua kwa moyo, akazifuata kwenye uso wa mama yake. Uso haukubadilika. Kilichosogea ni mkono wa kulia. Uliinuka wenyewe, vidole vikatanuka, kiganja kikaelekea chini, kikashuka polepole mpaka kikatua hewani, kwenye kimo cha kifua cha mtoto aliyepakatwa. Kikatulia hapo.

"Alikuwa akivuma hivi hivi," Zeina alisema, kwa sauti kubwa kama wasemavyo watu waliozibwa masikio.

"Nani, mama?"

"Nikimwekea mkono, kifua kinavuma kiganjani kama paka aliyelala. Nikamwekea na sikio. Upepo, mfululizo." Macho yake yalikuwa kwenye mkono wake. "Nikawaambia kule zahanati, mtoto huyu ana upepo kifuani. Wakacheka. Wakaniambia, mama, upepo huo uko kichwani mwako, umechoka, kalale. Sikusema tena. Hata baba yenu sikumwambia. Nikajua mimi ndiye niliyechanganyikiwa."

Miaka kumi na sita Anfal alikuwa akitamani kumpata mtu mmoja aliyemsikia Muaz kwa wakati, na mtu huyo alikuwa akila naye meza moja.

Daktari Agnesi aliinuka, akaisogeza pembeni hedifoni moja ya Zeina kwa kidole.

"Ulipoweka sikio, upepo ulikuwa baada ya mapigo au katikati yake?"

"Katikati. Haukuacha nafasi."

"Ulisikia sawasawa, mama. Sisi tunamfundisha mtu miaka mpaka asikie hivyo."

Zeina alimtazama. "Kwa hiyo sikuzua."

"Hukuzua."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kisha mara nyingine. Dukani mteja alikuwa akiita, mama, bitana yangu vipi, na hakuna aliyemjibu. Kwenye simu sauti ilikuwa imekwisha, na somo, ambalo halikujua liko mkononi mwa nani, likaendelea na hatua yake: mchoro wa mtoto ukasogea juu, na chini yake vikatokea vitufe viwili vipya. Kimoja kiliandikwa *Mruhusu aende nyumbani*. Cha pili kiliandikwa *Mpeleke hospitali sasa hivi*.

Anfal alinyoosha mkono aichukue simu. Mama yake akaiondoa, akaishika karibu na kifua. Alivisoma vitufe vyote viwili, bila haraka, neno kwa neno. Akakibonyeza cha pili, na hakuondoa kidole.